Orodha ya Vyuo Ije Kabla ya Orodha ya Harusi



Leo hatukuleta mshono mpya wala rangi ya msimu. Leo tumekuja na lawama, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho kabla hamjatununia.

Sisi ni mafundi cherehani wa kike. Tunashona na kuuza nguo za harusi hapa Bariadi, mkoani Simiyu. Wengine wetu tumezaliwa Unguja, wengine Pemba, tukafuata waume na biashara mpaka huku kwenye nchi ya Wasukuma na pamba. Wengine ni wenyeji wa hapa hapa. Kusoma kwetu ni sekondari, kisha chuo cha ushonaji. Chuo kikuu hatukukanyaga. Lakini kupima, kukata na kupiga hesabu ya kitambaa tunajua, na ndiyo maana jambo hili linatuuma.

Jambo lenyewe ni hili: familia zetu zinapanga harusi kwa hesabu, na zinapanga chuo cha binti kwa bahati nasibu.

Tunasema wazi. Binti wa Simiyu aliyefaulu Hisabati na Fizikia ya kidato cha sita akarudi kukaa nyumbani, mara nyingi si kwa sababu Tanzania haina chuo anachokimudu. Ni kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekaa naye mkekani, kalamu mkononi, wakaandika orodha ya vyuo kwa kuanza na pesa. Wanaanza na jina la chuo. Jina likishinda pesa, binti anarudi jikoni, na watu wanasema "haikuwa riziki yake". Tusimsingizie Mwenyezi Mungu uvivu wetu wa kupiga hesabu.

Tazameni wakati wenyewe ulivyo. Mitihani ya kidato cha sita ni Mei, matokeo hutoka karibu na Julai, na madirisha ya vyuo na ya mkopo hufunguliwa miezi hiyo hiyo. Msimu wa kuuza pamba nao unaanza Mei. Kwa hiyo huku kwetu pesa, matokeo na harusi vinaingia mlango mmoja kwa wakati mmoja. Ni miezi ile ile mashine zetu hazilali. Sasa ulizeni pesa ya pamba inaanza kwenda wapi. Sisi tunajua, maana nyingine inaishia kwetu.

Mteja akija kwetu kwa harusi, anakuja na daftari. Humo mna idadi ya sare, bei ya lesi, mpaka hina, singo, jukwaa, keki na mpiga picha. Kila mstari una bei, na pembeni jina la shangazi atakayelipa. Akipata bei kubwa duka hili, anakwenda la pili, la tatu, mpaka Mwanza. Hakuna mama anayeingia dukani akasema, "Nataka gauni moja tu, lile la kioo cha mbele, na kama siliwezi basi binti yangu aolewe na kanga." Anachagua kati ya matano, sita.

Muulize mama huyo huyo, binti yako kaomba chuo gani? "Kaomba Dar." Kozi gani? "Mambo ya kompyuta." Ada yake? "Tutajua akichaguliwa." Na asipopata mkopo? "Inshaallah atapata." Hiyo ndiyo orodha nzima. Mstari mmoja na inshaallah. Nasi tunaamini inshaallah kwa moyo wote, lakini neno hili husemwa na mtu aliyekwishafunga ngamia wake. Halikuletwa liwe badala ya kamba.

Na tufahamu ni binti gani tunayemzungumza. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, ni kama robo tu ya watahiniwa nchi nzima waliofaulu Hisabati. Binti aliyepita chujio hilo, akasoma tahasusi ya PCM au EGM, akatoka na Hisabati ya juu mkononi, huyo ni dhahabu. Mkoa huu umehangaika kumpata. Simiyu ilijulikana kwa kambi za kitaaluma wakati wa mkuu wa mkoa Anthony Mtaka, watoto wakikusanywa na walimu wao kusoma wakati wa likizo. Serikali nayo imejenga sekondari za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa. Jasho lote hilo, halafu tunakuja kumkwamisha mlangoni kwa sababu hatukujaza karatasi vizuri?

Yupo binti mmoja wa mjini hapa, jina lake tunalihifadhi. Alimaliza PCM na matokeo ya kutosha kabisa. Nyumbani wakamwambia aombe chuo kimoja tu, cha mbali na cha gharama, kwa sababu binamu yake alipiga picha ya mahafali mbele ya geti lake na picha ikasambaa kwenye magrupu yote ya ukoo. Akachaguliwa. Vigelegele vikapigwa. Mkopo ukaja nusunusu, ada iliyobaki ikawashinda wazazi, na wakati huo madirisha ya vyuo vingine yalikwishafungwa. Mwaka wa kwanza akasubiri, wa pili wakamwambia ameshakuwa mkubwa. Alipokuja kwetu kupimwa gauni la nikahi, tulikuwa tunahesabu lesi kwa kikokotoo, naye akatutajia jibu kabla hatujamaliza kubonyeza. Familia ililipa kila kitu kwa wakati, na jumla ya nguo peke yake, ya biharusi na ya kamati, ilizidi ile ada iliyowashinda. Hatusemi asingeolewa. Ndoa ni kheri na tunamuombea baraka. Tunasema angeweza kuolewa huku anasoma, au baada ya kusoma, kama orodha yake ingekuwa na mistari sita badala ya mmoja.

Sasa tuje kwenye maneno tunayoyasikia kila siku, tuyajibu moja moja.

Neno la kwanza: "Kama si chuo cha jina, bora akae." Jina ni kitu kizuri. Lakini hebu tuchukue jina linalopendwa sasa huko visiwani, IIT Madras Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 2023. Ni tawi la chuo cha India chenye sifa kubwa duniani, na linafundisha sayansi ya data na akili mnemba. Nani asingependa? Ada yake ya shahada ya kwanza ilitangazwa kuwa dola 12,000 kwa mwaka. Tukihesabu kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni milioni 30 kwa mwaka, na masomo ni miaka minne, yaani milioni 120. Chuo cha umma cha Tanzania, ada ya kozi za kompyuta mara nyingi iko kati ya milioni moja na milioni mbili kwa mwaka. Tuchukue milioni moja na nusu kwa miaka mitatu: milioni nne na nusu. Tofauti ya milioni 120 na milioni nne na nusu si ya jina tu, ni ya nyumba na shamba. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi. Chuo cha gharama kikija na ufadhili ulioandikwa kwenye karatasi, kiwekwe juu. Kikija bila ufadhili, kisiwe ndicho pekee anachokitegemea. Jina halilipi ada.

Neno la pili: "Mkopo utakuja." Mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, ni msaada mkubwa na tunawahimiza wote waombe. Pesa ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 mpaka 10,000 kwa siku. Lakini mkopo haupatikani kwa kusubiri, unapatikana kwa karatasi. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kama kaya iko kwenye TASAF, ushahidi wake uambatanishwe. Dada zetu wa visiwani, vyeti vyenu vinahakikiwa na wakala wenu wa matukio ya kijamii, na mnayo pia bodi yenu ya mikopo ya Zanzibar. Mambo haya hayafanywi siku ya mwisho kwenye steshenari yenye foleni, kijana wa kompyuta akikujazia fomu huku anazungumza na simu. Cheti cha kifo cha baba kikikosa uhakiki, binti yatima anaonekana mbele ya Bodi kama mtoto mwenye wazazi wawili. Ni kosa la karatasi, lakini atalilipia yeye.

Wapo pia wanaouliza kuhusu riba, na ni swali la mcha Mungu, halichekwi. Tunachoweza kuwaambia ni hiki: mwaka 2021 serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiwatia watu wengi wasiwasi, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa nayo ikaondolewa. Marejesho kwa mwajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara. Chukueni masharti ya mwaka wenu, mwende nayo kwa sheikh mnayemuamini, mumuulize karatasi ikiwa mbele yake. Lakini tunawaomba jambo moja la haki. Tumeona mama anayekataa mkopo wa chuo kwa kuogopa riba, kisha anachukua mkopo wa kausha damu ili kumalizia ukumbi wa harusi. Ile nayo ni nini? Kama tunaogopa haramu, tuiogope kwenye ukumbi kama tunavyoiogopa kwenye ada.

Neno la tatu: "Mji mkubwa utamharibu." Mama akisema hivi hatumdharau, maana binti ni amana. Ila dawa ya hofu ni kuuliza. Chuo kina mabweni ya wasichana ndani? Mwaka wa kwanza wanapewa kipaumbele? Jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ipo, na dada wanaoiongoza wanapatikana kwa simu? Kuna ndugu mji ule? Majibu ya maswali haya yaandikwe kwenye orodha kama ada inavyoandikwa. Chuo kisicho na bweni wala jamaa kinaweza kushuka chini, na hiyo ni sababu ya haki. Kumkatalia vyote kwa mpigo bila kuuliza hata kimoja si ulinzi.

Neno la nne, na hili ndilo linalotukera kuliko yote: "Mume atamsomesha." Huenda. Wapo waume wema wanaofanya hivyo, Mungu awalipe. Lakini ahadi ya mdomo inayotolewa wakati wa posa huwa nyepesi kama shifoni. Kama mume atamsomesha, basi liwe sharti, litajwe wakati wa kufunga nikahi na liandikwe. Wanazuoni wametufundisha kwamba masharti halali yaliyowekwa kwenye ndoa yanastahiki kutimizwa. Mwanamume mkweli haogopi kuandika anachokisema.

Sasa msije mkasema tumelaumu tukaondoka. Orodha yenyewe inaandikwaje? Tunaieleza kama tunavyomfundisha mwanafunzi wa ushonaji: unapima kwanza, unakata baadaye.

Chukua daftari, chora safu tano: chuo na kozi, sifa za kujiunga, gharama ya mwaka, pesa ya hakika, na pengo. Pengo ndilo la kutazama.

Kwenye sifa, anza na matokeo ya kweli. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni masomo mawili ya kidato cha sita yaliyofaulu kwa daraja A mpaka E, jumla isipungue pointi 4. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hicho ni kizingiti cha mlango tu. Kila kozi ina masharti yake, na nyingi za kompyuta zinaangalia Hisabati na Fizikia kwa jicho kali. Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo chenye kila chuo na kila kozi. Tangu mwaka 2017 maombi yanapelekwa moja kwa moja kwenye vyuo, na mtu anaruhusiwa kuomba zaidi ya kimoja, kisha akichaguliwa kwingi anathibitisha kimoja. Sheria imemruhusu kuchagua. Kwa nini sisi tumnyime?

Kwenye gharama, usiandike ada peke yake. Huu ni mfano wa kujifunzia, kila chuo mjaze namba zake: ada 1,500,000, chakula na malazi shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 240, ni 2,400,000, nauli, usajili na vifaa 500,000. Jumla 4,400,000. Sasa andika pesa ya hakika. Tuseme mkopo umetoa chakula na malazi chote, nusu ya ada yaani 750,000, na 200,000 ya vitabu. Pengo ni 1,050,000. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kwenye kikao cha ukoo. Fanya hesabu mara ya pili mkopo ukiwa sifuri, muone ni vyuo gani mnaweza kuhimili hata hapo. Chuo kimoja au viwili vya namna hiyo lazima viwemo.

Kisha majina. Weka viwili vya juu, vitatu vya kipimo chake, viwili vya uhakika. Kwa kompyuta na hesabu, nchi hii haijafunga mlango. Kipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kozi za kompyuta ziko kampasi ya Kijitonyama, na ushindani ni mkali. Kipo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, chenye koleji nzima ya mambo ya kompyuta, kuanzia sayansi ya kompyuta na uhandisi wa programu mpaka usalama wa mtandao, na pia shahada za hisabati na takwimu. Kwa mtu wa Bariadi, Dodoma ina faida isiyosemwa: basi linafika huko kabla ya Dar, na nauli ya mara nne kwa mwaka ni pesa. Kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kipo Chuo cha Sokoine Morogoro, ambacho watu wanadhani ni cha kilimo tu kumbe kina teknolojia ya habari pia. Kipo chuo cha takwimu cha Afrika Mashariki, EASTC, Dar es Salaam, kwa anayependa namba kuliko mashine. Zipo taasisi za uhasibu na fedha kama IAA ya Arusha na IFM, zinazofundisha kompyuta vilevile. IFM ina kampasi hapa hapa Simiyu. Ulizeni kozi gani inatolewa kampasi ipi kabla ya kuomba.

Kwa dada zetu wa visiwani, SUZA ipo, chuo cha umma, na binti anaweza kurudi kwao mwisho wa wiki. Kwa anayetaka kuwa mwalimu wa Hisabati katika mazingira ya Kiislamu, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kina shahada ya sayansi na ualimu. Na kwa biharusi aliyekwisha kuolewa na ana mtoto mgongoni, Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani; unasoma ukiwa kwako. Tusikidharau. Shahada haiulizi ulikuwa umekaa kiti gani.

Na aliyepata pointi chache asilie. Stashahada ya kompyuta, kwa mfano DIT, ikimalizwa kwa wastani wa 3.0 au zaidi, inafungua mlango wa shahada. Tangu mwaka 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada kwenye fani za kipaumbele. Na waliofaulu sana wasisahau Samia Skolashipu, ilianza 2022/2023 kwa wanafunzi bora wa sayansi wa kidato cha sita. Hiyo ni ufadhili, si mkopo. Binti wa PCM mwenye matokeo ya juu aangalie majina na masharti kabla ya kufanya jambo lolote lingine.

Inabaki pengo. Pengo linazibwa na nini?

Tuanze na sare. Watu 40 wa ukoo, kila mmoja dera na mtandio wa shilingi 35,000, ni 1,400,000. Nguo ya kuvaliwa jioni moja. Pengo letu la juu lilikuwa 1,050,000. Sisi ndio tunaozishona, na tunawaambia kwa mdomo wetu: punguzeni sare, mmsomeshe binti. Mkikosa kuja kwetu mwaka huu kwa sababu hiyo, tutafurahi, na riziki yetu iko kwa Mola. Kamati inayoweza kumchangia binti aondoke nyumbani akiwa biharusi inaweza kumchangia aondoke akiwa mwanafunzi. Kadi za mchango ni zile zile, badilisheni maandishi.

Kisha akiba ya mama. Shilingi 2,000 kwa siku, kuanzia siku binti anaingia kidato cha tano, kwa miaka miwili ni siku 730, ni shilingi 1,460,000. Ni bei ya vitafunwa vya asubuhi. Kikundi chenu cha upatu kinaweza kuwa na kapu la chuo pembeni, kama kilivyo na kapu la misiba.

Kisha mahari. Huku Usukumani mila ni ng'ombe, na ng'ombe huenda zizini kwa wazazi. Lakini Muislamu anajua Qur'ani imeamrisha wanawake wapewe mahari yao. Ni yao. Si ya baba, si ya kaka, si ya kamati. Biharusi aliyefaulu Hisabati akiulizwa mahari yake akasema, "Nataka kompyuta ya mkononi na ada ya mwaka wa kwanza," amekosa adabu gani? Mbona akisema kitanda na kabati la vioo hakuna anayeguna?

Tunajua watakaosema binti wa kompyuta hapati mume. Sisi tuna daftari la wateja, tunaona. Wanaume wanaokuja kuulizia mabinti siku hizi wanauliza pia kama ana kazi. Na hata kama wasingeuliza, neno aljebra limetokana na kitabu cha Al-Khwarizmi, Muislamu wa Baghdad wa karne ya 9. Bibi Khadija, Mungu amridhie, alikuwa mfanyabiashara anayejua hesabu ya mali yake. Hesabu haijawahi kuwa aibu katika dini hii. Aibu ni kumpa mtoto kipaji cha namba, kisha tukashindwa sisi kujumlisha na kutoa kwa ajili yake.

Kwa hiyo tunawaomba hivi. Mama mwenye binti kidato cha sita, usisubiri Julai. Wiki hii tafuta cheti cha kuzaliwa, kipeleke kuhakikiwa. Kaa naye, chora safu tano, jazeni mistari saba. Baba aitwe aone pengo kwa macho yake. Shangazi aliyezoea kutoa ng'ombe wa harusi aambiwe kuna mstari unamsubiri. Na wewe biharusi mwenye cheti kizuri kilichofungiwa kabatini, kabla hujaja kwetu kuchagua lesi, mwambie anayekuoa kuhusu sharti lako. Tutakusubiri. Kitambaa hakiozi, lakini dirisha la maombi linafungwa.

Mwenyezi Mungu awape mabinti zetu elimu yenye manufaa, awape waume wema, na atupe sisi wazazi na walezi akili ya kutanguliza kilicho mbele. Amin.

Wabillahi tawfiq.